AC ya gari imejazwa gesi kupita kiasi? Soma hapa kabla hujatoa hela

Unauza keki, chokoleti au lipstiki mtandaoni, na mizigo unaitoa Musoma kwenda Bunda au Butiama kwa gari lako. AC ikigoma saa saba mchana, hata Makutano hujafika mzigo umeshalegea. Unapita kwa fundi, anasema "gesi imepungua", anaongeza. Kesho yake hali ni mbaya zaidi.

Iko hivi: gesi ikizidi, AC haipoi. Presha inapanda, kompresa inawaka na kujizima, injini inalemewa, upepo unatoka vuguvugu.

Piga hesabu. Stika chini ya boneti inasema gramu 450. Zilipungua 100 tu, fundi kamimina kopo zima la gramu 340. Sasa zipo 690. Zimezidi 240!

Fanya hivi:

1. Anza na vya bure. Washa AC dakika moja, angalia kama feni ya mbele inazunguka. Zima. Injini ikipoa, osha kondensa kwa maji taratibu. Vumbi na wadudu wa ziwani wakiiziba, presha inapanda vilevile na unaweza kudhani gesi imezidi.

2. Bado? Usiiwashe tena. Kuua kompresa ni hasara kubwa kuliko kutoa gesi.

3. Piga picha ile stika: aina ya gesi na gramu zake.

4. Muulize fundi kabla ya bei: "Una mashine ya kunyonya gesi? Una mizani?" Geji peke yake haitoshi.

5. Gesi yote inyonywe na kupimwa, hewa ivutwe itoke kwenye mfumo, kisha ijazwe kwa gramu za stika. Kama hakuna kinachovuja wala kilichoharibika, kazi imeisha. Usiuziwe kompresa.

Fundi akitaka kulegeza valvu "ipungue kidogo", kataa. Gesi hiyo inaunguza ngozi kwa baridi, inatoka na oili, na hamtajua imebaki kiasi gani. Tena R134a inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule.

Hela bado haijatimia? Toa mizigo alfajiri, pakia kwenye deli lenye barafu, na mwambie mteja muda mpya mapema. Mteja anavumilia kuamshwa asubuhi, keki iliyoyeyuka havumilii.

Mtumie na mwenzako anayesambaza kwa gari.