Je, Wajua? Wekundu wa Ushanga Huivishwa kwa Moto

Mtu akishika ushanga mwekundu wa kioo, ule unaopitisha mwanga, hudhani umepakwa rangi. Wengine huukwaruza kwa ukucha waone kama utabanduka. Haubanduki ng'o. Wekundu umo ndani ya kioo chenyewe, na fundi hakuuweka ukiwa tayari: aliuivisha.

Chukua kioo chenye dhahabu. Dhahabu yenyewe ni kidogo mno, haifiki sehemu moja katika elfu. Kioo kikiyeyuka barabara mbele ya tochi ya gesi, dhahabu hutawanyika atomi moja moja, na jicho haliioni. Fundi hukizungushia kioo hicho kwenye waya wa chuma uliopakwa udongo, ushanga ukapata umbo lake. Wakati huo hauna rangi, au una manjano hafifu tu. Asiyejua angeutupa.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Fundi huutoa ushanga kwenye mwali na kuungoja hadi ule wekundu wa joto uzimike kabisa. Katika kupoa huko, atomi za dhahabu huanza kukutana na kufanya viini vidogo sana. Kisha huurudisha motoni, ila kwa mbali, pembezoni mwa mwali, akiuzungusha bila kusimama. Anayepika wali kwa mkaa ananielewa: maji yakikauka huchochei tena, unapalia. Joto hilo la kupalia haliyeyushi kioo, lakini linaziruhusu atomi kusogea. Zinavifuata vile viini, zinashikamana navyo, hadi vinakuwa vichembe vya nanomita chache au makumi machache. Vichembe hivyo hunyonya mwanga wa kijani na kuuacha mwekundu upite. Ushanga unageuka mbele ya macho yako, kama embe linaloiva kwa dakika moja badala ya wiki.

Ukizidisha, vichembe hunenepa mno na kioo huwa na rangi ya maini. Ukiharakisha, unabaki na waridi iliyopauka. Baadaye ushanga huingia kwenye tanuri la nyuzi 500 hivi za Selsiasi ili upoe polepole usipasuke, na hata humo rangi yaweza kuendelea kuiva.

Si kila wekundu ni wa dhahabu. Upo wa shaba, na upo wa kadmiamu na seleniamu, ambao nao huiva kwa kupashwa upya. Kadmiamu ni sumu, na karakana isiyo na njia ya kutolea moshi haifai hata kwa siku moja.

Johann Kunckel alitengeneza kioo cha namna hii huko Ujerumani katika karne ya 17, bila kujua dhahabu inafanya nini mle ndani. Mwaka 1857 Michael Faraday alieleza kwamba wekundu hutokana na dhahabu iliyosagika mno. Richard Zsigmondy, aliyechunguza vichembe hivyo, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925.

Pwani yetu inazijua shanga nyekundu tangu zamani. Richard Burton, aliyeingia bara mwaka 1857 akitokea Zanzibar, aliandika kuhusu samesame, shanga zenye ganda jekundu juu ya kiini cheupe, ambazo pia ziliitwa kwa jina lenye maana ya kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozipenda. Shanga za kale zaidi bado hufukuliwa na mvua kwenye magofu ya Kilwa na Kaole, na inaniuma kuona zinaokotwa na kuuziwa wageni kwa bei ya soda. Ushanga ukiwa ardhini humweleza mtafiti ukuta ulijengwa lini na nani alifanya biashara na nani. Ukitiwa mfukoni, ushahidi huo umekwisha. Tuuache ulipo, tumwite mlinzi.

Tukirudi kwenye kioo cha dhahabu, hicho hutumika kwenye mikufu, vikombe na vioo vya madirisha ya makanisa. Vichembe vyenyewe vimefika hadi zahanati: mstari mwekundu unaotokea kwenye kipimo cha haraka cha malaria, mara nyingi, ni dhahabu ile ile.