Mtoto Wako Anajifunza Nini kwa Sungura?

Jioni moja tulikuwa tukiwasimulia watoto kisa cha Sungura na kisima. Wanyama wanakubaliana kuchimba kisima wakati wa kiangazi, Sungura anakataa kushika jembe, na maji yanapopatikana anakuja na kibuyu cha asali, anamlaghai mlinzi mpaka akubali kufungwa kamba, kisha anakunywa na kuoga humo humo. Tulipofika hapo kitindamimba alikuwa amekwisha kusinzia, nasi tulikuwa tumechoka. Tukasema mengine kesho.

Asubuhi tukasikia kilio jikoni. Kijana wetu wa miaka mitano alikuwa amemwambia dada yake afumbe macho ampe kitu kitamu. Dada mtu akafumba. Alipofumbua, andazi lake halikuwapo kwenye sahani. Tulipomwuliza mhalifu kwa nini amefanya hivyo, alijibu bila wasiwasi wowote, "Mimi ni Sungura."

Akina mama wenzetu, tulicheka, lakini tulicheka kwa aibu, maana kosa lilikuwa letu. Kisa kile hakiishii pale. Mlinzi wa mwisho ni Kobe, ambaye hababaishwi na asali wala maneno matamu. Anajipaka ulimbo mgongoni na kujificha chini ya maji, na Sungura anapokanyaga ananasa, mguu baada ya mguu. Sisi tulikuwa tumemlaza mtoto na ujanja, mwisho wake tukabaki nao mdomoni. Usiku ule tuliumalizia. Kijana alisikiliza kimya, kisha akauliza kama Kobe naye alipewa maji. Tangu siku hiyo, kama muda hautoshi kufika mwisho, tunachagua hadithi fupi.

Hata hivyo, zipo hadithi nyingi ambamo Sungura anashinda mpaka mwisho, na Fisi anabaki na njaa na kipigo juu yake. Je, mama Mkristo azitupe? Wapo wanaoshauri hivyo. Sisi hatukubaliani nao. Mnyama mdogo asiye na pembe wala meno makali akimzidi akili mkubwa, mtoto hupata faraja, kwa sababu naye ni mdogo katika nyumba ya watu wakubwa. Tunachofanya ni kumwuliza swali moja tu kutoka upande wa aliyedanganywa: "Fisi alipofika nyumbani, aliwaambia nini watoto wake?" Mkiuliza, nyamazeni msubiri. Kijana wetu alifikiri kwa muda mrefu akasema kwamba Fisi aliwaambia watoto hakuna chakula, na mtoto mdogo wa Fisi akalala huku akinyonya kidole. Yeye mwenyewe bado ananyonya kidole.

Wengine husema kuwa wanyama hawasemi, basi hadithi hizi ni uongo na hazifai katika nyumba ya waumini. Hao tunawaomba wafungue kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, wamsome Yothamu akiwasimulia watu wa Shekemu jinsi miti ilivyotafuta mfalme. Mzeituni unasema, mtini unasema, mzabibu unasema, na hata mti wa miiba unasema. Hakuna aliyedanganywa pale. Na katika 2 Samweli 12, nabii Nathani hakufika kwa Daudi na shutuma. Alifika na kisa cha tajiri mwenye mifugo tele aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi aliwaka hasira, akatoa hukumu mwenyewe, kabla hajajua kuwa anajihukumu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Hadithi haijapoa tumekwisha kumnyoshea mtoto kidole: "Umesikia? Wewe ndiye Fisi, mroho kama yeye!" Kweli, Nathani alimwonyesha Daudi mwishoni kwamba ni yeye, lakini Daudi alikuwa mfalme, mtu mzima mwenye damu mikononi, si mtoto wa chekechea aliyekula andazi. Mtoto akiitwa Fisi leo, kesho ukimwita kusikiliza hadithi atajua anaitwa kwenye kesi.

Kuna jambo jingine linaloumiza kimya kimya, nalo ni mama wa kambo. Katika kikundi chetu cha akina mama yupo mwenzetu aliyeolewa na mfiwa mwenye binti wa miaka sita. Binti huyo alisimuliwa kisa cha Snow White, yule msichana aliyepewa tufaha lenye sumu, na kwa siku mbili akakataa kula chochote kilichotoka mkononi mwa mama yake mpya. Yule mama alilia mbele yetu. Tulimweleza habari ambayo wengi hawaijui: ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapisha kisa hicho mara ya kwanza mwaka 1812, mtesi wa Snow White alikuwa mama yake mzazi. Ni katika toleo la mwaka 1819 ndipo walipomgeuza kuwa mama wa kambo. Basi kama wenye kitabu waliweza kubadilisha, mama wa Tanzania naye anaweza. Ubaya wa yule malkia ni wivu, si ukambo. Mwenzetu alikisimulia upya, malkia akiwa malkia tu. Siku hizi binti anakula, ingawa mara nyingine bado anamwomba mama aonje kwanza.

Kati ya hadithi zote tulizowahi kuwasimulia watoto, tunayoiona nzito kuliko zote ni ya Sultani Darai. Ilikusanywa Unguja na mmisionari Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, na ikachapishwa London mwaka 1870. Si ya mtoto wa miaka mitatu. Huyo mpeni visa vifupi vyenye wimbo wa kurudiarudia. Mwenye miaka sita au saba anaiweza.

Maskini mmoja anaishi kwa kuchakura jaani, akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka. Kumbe paa yule anasema. Anaokota almasi porini, anaipeleka kwa Sultani kwa jina la bwana wake, anamposea binti, kisha anamwua nyoka mkubwa ili bwana wake apate nyumba ya kifahari. (Njiani paa naye anadanganya kidogo. Watoto watalionea hilo, waacheni wabishane.) Halafu paa anaugua. Bwana wake, ambaye sasa amesahau jaa, anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu basi. Mke anamsihi amhurumie, hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Yule bwana analala kwenye kitanda chake kizuri, na anapoamka yuko jaani, anachakura.

Tulipomaliza, binti yetu wa miaka saba alikaa kimya. Kisha akauliza, "Mama, dada alipougua alipewa uji gani?"

Dada ni msichana anayetusaidia kazi za nyumbani. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa na malaria. Tulimpa dawa, hilo tulifanya, lakini siku ya pili, akiwa bado anatetemeka, alikuwa karoni anaosha vyombo kwa sababu tulikuwa na wageni. Uji hatukukumbuka kabisa. Baba watoto akatazama ukutani. Tulitaka watoto wajifunze shukrani, na hadithi ikawaruka watoto ikatukuta sisi.

Tungeweza kumwambia mtoto alale, usiku umekwenda. Maneno hayo yalikuwa ulimini. Tukasema kweli, kwamba hakupikiwa uji, na kwamba tulikosea. Asubuhi tulimwomba dada radhi, tena mbele ya watoto, kwa kuwa wao ndio walioona. Hakusema mengi. Aliitikia tu, akaendelea kukanda unga, na mkono mmoja akajifuta macho kwa kanga.

Jambo moja hatukuwa tumeliona mpaka siku hiyo: kila jioni tulipokuwa tukisimulia hadithi za wema na haki, yeye alikuwa jikoni. Siku hizi saa ya hadithi vyombo vinasubiri. Dada anakaa mkekani pamoja na watoto, na kumbe anajua visa vya Fisi kutuzidi sote, vingine vikiwa na nyimbo za kwao ambazo tunajifunza taratibu. Akisema "Paukwa," kitindamimba anaitika "Pakawa!" kwa sauti inayofika mpaka kwa jirani.