Kuhara Damu Kusikokwisha: Si Kila Mara ni Ameba

Huko Roret, katika vilima vya chai vya Kericho, sawa na huku kwetu pwani, anayehara damu hukimbilia kwanza duka la dawa. Huambiwa ni ameba, akameza metronidazoli, akapata nafuu ya siku chache, kisha damu ikarudi. Wakati mwingine huwa ni ameba kweli. Lakini damu inayorudi wiki baada ya wiki, pamoja na kamasi, haja za ghafla usiku na kukonda, yataka kuchunguzwa upya.

Yapo maradhi ya vidonda vya utumbo mpana, aliyoyaeleza Dkt. Samuel Wilks wa London mwaka 1859. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huushambulia utumbo wenyewe. Nasaba ina sehemu yake, na bakteria wa tumboni pia, ila chanzo kamili hakijathibitika. Hayaambukizi, wala hayakuletwa na pilipili au husuda.

Choo hupimwa kwanza ili kutafuta vimelea, na kichocho pia. Mpangilio huu una sababu: mwenye ameba akipewa steroidi kimakosa, utumbo waweza kutoboka. Kisha hufuata kipimo cha kamera kupitia njia ya haja kubwa, na kipande kidogo cha nyama huchukuliwa kupimwa. Hospitali ya Tenwek, Bomet, ina uzoefu mrefu wa vipimo vya kamera kwa sababu ya saratani ya umio iliyoenea eneo lile. Kwa kuwa haya huwazuia wengi wa dada zetu, twasema wazi: inajuzu kuomba daktari au muuguzi wa kike.

Dawa ya msingi ni mesalazini au salfasalazini. Steroidi hutuliza maradhi yanapopanda, na hupunguzwa polepole, zisikatwe ghafla. Mjamzito asiache dawa kwa hofu, bali amwone daktari, hasa kuhusu asidi ya foliki akitumia salfasalazini. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huweza kuyachochea. Kuhusu saumu, mgonjwa ana ruhusa yake. Apange na daktari kabla ya Ramadhani. Dawa zikishindwa, utumbo mpana huondolewa kwa upasuaji.

Baada ya miaka 8 hivi kipimo cha kamera hurudiwa, kwani hatari ya saratani huongezeka. Na anayehara damu mara 6 au zaidi kwa siku, akiwa na homa au moyo ukienda mbio, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.