Manjano ya Mtoto Mchanga na Mwanga wa Buluu

Mwezi huu tuzungumzie manjano ya watoto wachanga. Rangi hiyo hutokana na bilirubini, taka inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini huitoa kwa msaada wa kimeng'enya maalumu, ambacho siku za kwanza huwa bado hakijapata nguvu. Kwa watoto wengi manjano huisha yenyewe.

Hatari iko wapi? Bilirubini ikizidi mno huingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kufa, au kubaki kiziwi au mlemavu wa viungo.

Wanaodhurika zaidi ni watoto njiti na wale waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzikinga chembe nyekundu zisiharibiwe na kemikali kali. Upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria, zikiwemo zetu. Kwa watoto hao hata harufu ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kabatini, yaweza kuvunja damu ghafla. Tusihifadhi nguo za mtoto pamoja navyo.

Tiba yake ni mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona kwamba ngozi ya mtoto iliyopigwa na jua ilipungua manjano, na iliyofunikwa ilibaki vilevile. Mwaka 1958 Daktari Richard Cremer na wenzake walitangaza tiba ya taa. Mwanga wa buluu ndio unaofaa zaidi, kwa sababu bilirubini huunyonya sana, ikabadilika umbo na kutoka kwa nyongo na mkojo bila kungoja kile kimeng'enya cha ini.

Wengine huuliza: basi si tumwoteshe jua nyumbani? Hapana. Jua halina kipimo. Mtoto huweza kuungua au kupata baridi, na muda wa kumwokoa ukapotea. Hospitalini hupimwa damu, hufunikwa macho, na huendelea kunyonya.

Kwa ngozi nyeusi, tazama weupe wa macho, fizi na viganja. Manjano yakitokea kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa, yakifika miguuni, au mtoto akilegea na kukataa ziwa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.