Jogoo Hana Ruhusa Mjini

Sisi tuliolelewa shamba twaijua alfajiri kwa sauti ya jogoo, wala hapana aliyepata kumshtaki jogoo kwa kuwika. Mjini sivyo. Huko New York, katika Marekani, mtu ana ruhusa ya kufuga kuku majike uani pake, lakini jogoo amekatazwa katika sheria za afya za mji. Seattle, mji ulio magharibi ya nchi hiyo hiyo, nao umemkataza. Ila tangu mwaka 2010 mwenye kiwanja cha kawaida aweza kufuga kuku wanane, na zamani aliruhusiwa watatu tu.

Labda msomaji atauliza: bila jogoo, mayai yatatoka wapi? Kuku jike hutaga kwa maumbile yake, awe na jogoo au asiwe naye, maadamu apata chakula chema, maji na mwanga wa kutosha. Kazi ya jogoo ni kulitia yai mbegu. Yai lisilo na mbegu halitoi kifaranga, hata likiatamiwa siku 21 kamili. Lakini kwa kula, utamu wake ni ule ule. Basi mji haukumnyima mfugaji mayai. Umemwondolea jirani kelele tu.

Apataye hasara ni yule anunuaye vifaranga. Kifaranga cha siku moja ni vigumu kukitambua kama ni dume au jike. Mwenyewe hukilisha miezi mitatu, minne, watoto wamekwisha kukipa jina, kisha asubuhi moja chawika! Hapo hana budi kumchinja jogoo wake au kumpeleka shamba. Kwa maoni yetu, heri mtu wa mjini anunue matetea yaliyokaribia kutaga, ijapokuwa bei yao ni kubwa zaidi.

Seattle yataka pia banda liwe mbali na nyumba ya jirani, si chini ya futi 10. Sababu yajulikana: mavi mabichi huleta inzi na harufu, na nafaka iliyomwagika huita panya usiku. Chakula na kiwekwe katika debe lenye kifuniko.

Tena, kuku aonekanaye mzima aweza kuchukua viini vya salmonela, viletavyo ugonjwa wa kuhara. Kwa hiyo aliyeshika kuku au kuokota mayai na anawe mikono kwa sabuni, na watoto wadogo wasiachwe kuwabusu vifaranga.