Injini Ikiwa Baridi: Fizikia ya Kuchagua Gari la Mbio Lililokwisha Tumika

Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja ya wilaya, alinijia na ombi ambalo sikulitazamia. "Mjomba," aliniambia, "wewe si fundi, najua. Lakini mafundi wote ninaowafahamu ni rafiki za madalali. Twende pamoja ukaniangalizie." Alikuwa amejiwekea akiba kwa miaka minne, na gari alilolitamani lilikuwa Subaru Impreza WRX, lililotengenezwa Japani mwaka 2004 na kuletwa Dar es Salaam likiwa limekwisha tumika.

Wanafunzi wengi hulijua gari hili kwa sifa za mashindano. Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiendesha Impreza mwaka 1997, naye Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Hata hivyo gari la mashindano hufunguliwa na kukaguliwa na mafundi kila mara, hali gari la yadini huja na historia ambayo hakuna aliye tayari kuisimulia. Mnunuzi hana budi kuisoma historia hiyo katika chuma chenyewe, na hapo ndipo somo la fizikia linapohitajika.

Tuanze na injini. Silinda zake nne hazikusimama wima kama za magari mengi, bali zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, na pistoni zake husogea kama ngumi za mabondia wawili wanaotazamana. Kipenyo cha kila silinda ni sentimita 9.2, na pistoni husafiri sentimita 7.5. Mwanafunzi anayejua kanuni ya ujazo wa mcheduara ataona kwamba silinda nne hufanya sentimita za ujazo 1,994, yaani lita mbili kasoro kidogo. Ujazo huo si mkubwa. Nguvu ya gari hili hutokana na turbo.

Moshi unaotoka katika silinda bado una nishati nyingi, ambayo katika gari la kawaida hupotea hewani bure. Turbo huutumia moshi huo kuzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Ekseli yake huzungusha gurudumu la pili linaloshindilia hewa ndani ya injini, mpaka kanieneo ya hewa hiyo hukaribia mara mbili ya ile ya kawaida. Hewa ikizidi, petroli nayo yaweza kuzidishwa, na nguvu ikaongezeka. Faida hii huonekana zaidi milimani. Kanieneo ya hewa pwani ni kilopaskali 101 hivi, na Nairobi, ulioko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni kama 82 tu. Injini isiyo na turbo hupoteza huko karibu moja ya tano ya hewa yake, tukiacha tofauti ya joto. Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika kipoza hewa kilichowekwa juu ya injini. Lile tundu kubwa lililo juu ya boneti, ambalo vijana hudhani ni pambo, ndilo linalokipelekea kipoza hicho upepo.

Sasa tutazame gharama yake. Ekseli ya turbo yaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande wa moshi jotoridi hupita nyuzi 800 za Sentigredi. Kinachoizuia ekseli hiyo isisagike ni utando mwembamba wa oili. Dereva aliyetoka mbio akazima injini ghafula huukata mtiririko wa oili wakati turbo ingali na moto mkali. Oili iliyobaki huungua na kuwa kaboni ngumu, nayo kaboni huziba njia za oili ya kesho. Dereva anayechelewesha kubadilisha oili huyafikia madhara hayo kwa njia ndefu zaidi. Hakuna lolote katika haya linaloonekana kwenye rangi ya gari wala katika hesabu ya kilomita, ambayo huweza kurudishwa nyuma.

Yadi tuliyofika ilikuwa na gari la buluu, safi, lenye kung'aa. Muuzaji aliliwasha mara moja, nalo likaunguruma kwa utulivu. Mpwa wangu alikwisha kutabasamu. Mimi niliweka kiganja juu ya boneti nikakuta ina joto. Gari lilikuwa limewashwa kabla hatujafika, ingawa tulikuwa tumepatana saa ya kuja.

Kwa nini jambo hili lilinitia shaka? Pistoni ni ya alumini, na silinda ina kuta za chuma cha kusubu. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua pistoni yenye kipenyo cha milimita 92 uiongezee jotoridi kwa nyuzi 100: itatanuka kwa milimita 0.2 hivi, na kipande cha chuma cha ukubwa huo kwa milimita 0.1 tu. Ndani ya injini hesabu ni ngumu zaidi, kwani kuta hizo zimeshikwa na bloku ya alumini na sehemu zote hazina joto sawa. Lakini mwelekeo ni huo huo. Injini ikipata moto, nafasi kati ya pistoni na silinda hupungua. Pistoni iliyochakaa, ambayo asubuhi hugonga kuta kwa sauti kavu, hunyamaza baada ya dakika chache. Muuzaji anayepasha injini kabla ya mteja kufika huenda hajui kanuni hii, lakini faida yake anaijua sana.

Tukaomba kurudi alfajiri, gari lisiguswe. Katika kusubiri nilifanya jaribio dogo ambalo wanafunzi waweza kulirudia: sumaku iliyofungwa kitambaa, ikipitishwa juu ya mabati. Penye puti nene iliyoziba kovu la ajali sumaku haishiki. Mpwa wangu alishtuka ilipokataa kushika boneti nzima, ikabidi nimweleze kwamba boneti ya magari haya ni ya alumini.

Alfajiri ile injini ilipowashwa iligonga, na moshi wa buluu ukatoka. Rangi ya moshi yastahili kuangaliwa kwa makini. Moshi mweusi huonyesha petroli iliyozidi. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto huonyesha maji yanayoingia katika silinda. Wa buluu ni oili inayoungua. Kwa kuwa silinda za injini hii zimelala, oili kidogo huweza kujikusanya humo usiku, na pumzi moja ya buluu si ushahidi wa kutosha. Huu haukukoma. Mlio wa asubuhi nao, kama ungekuwa hafifu na peke yake, ningeusamehe.

Tulimwita fundi tusiyemjua, naye akapima kompresheni kwa geji. Silinda tatu zilikaribia kilo 11 kwa sentimita ya mraba. Moja ilikuwa na 7. Fundi alitaka kumimina kijiko cha oili katika silinda ile: kipimo kikipanda, kosa ni la ringi. Njia hiyo ni nzuri kwa silinda zilizosimama. Katika silinda iliyolala oili hutuama upande wa chini na kuacha sehemu ya juu ya ringi wazi, hivyo matokeo yake si ya kuaminika. Badala yake tuliiweka pistoni mahali pa juu kabisa, valvu zikiwa zimefungwa, tukaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Kama hewa ingesikika katika bomba la moshi, au pale hewa safi inapoingilia, valvu ndizo zingekuwa mbovu. Kama mapovu yangetokea katika rejeta, gasketi. Sisi tuliisikia ikivuma kwenye mdomo wa kujazia oili. Ringi zilikuwa zimekwisha, au pistoni yenyewe ilikuwa imemeguka.

Yamkini sababu ilikuwa petroli. Injini hizi zilitengenezwa kwa ajili ya petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vya huko nambari yake ya okteni haipungui 96, wakati ya kawaida haipungui 89. Okteni ikiwa ndogo, mchanganyiko ulioshindiliwa na turbo huweza kuwaka wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia, na kanieneo hupanda kwa kishindo kinachovunja kingo nyembamba zinazoshikilia ringi. Anayetaka gari la namna hii auulize kwanza mfuko wake kuhusu petroli.

Muuzaji alishusha bei kwa robo nzima. Mpwa wangu alinivuta pembeni: "Mjomba, kwa bei hiyo si nitengeneze?" Tuliketi tukapiga hesabu ya injini nyingine, turbo, na kazi ya fundi. Ilipita punguzo lile, na hapakuwa na ahadi kwamba injini itakayonunuliwa haitakuwa na historia yake pia. Alikaa kimya njia nzima hadi nyumbani.

Gari la tatu ndilo alilolinunua, la rangi ya kijivu, lenye mkwaruzo mrefu mlangoni. Tulilikuta baridi kama jiwe. Silinda zote nne zilikaribiana, 10.5 hadi 11. Kabla ya kulitoa mjini alibadilisha oili na mkanda wa taimingi, kwa kuwa mkanda huo ukikatika valvu na pistoni za injini hii hugongana. Akifika kwangu sasa hazimi injini mara moja. Hukaa kidogo usukanini turbo ipoe, na wanangu humwita mara mbili kabla hajashuka.