Komba wa Pande na Mkaa wa Majiko Yetu

Wakazi wengi wa Dar es Salaam walilisikia jina la Pande kwa mara ya kwanza kwenye taarifa ya habari, na habari yenyewe haikuwa njema. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa ndani ya msitu huo, na kesi ya mauaji yao ikachukua miaka mahakamani. Juni 2012 Dk. Steven Ulimboka, aliyekuwa akiongoza mgomo wa madaktari, alitupwa huko akiwa hoi kwa kipigo. Tangu hapo, ukiutaja msitu wa Pande, au wa Mabwepande kama wengi wanavyouita, mtu hukumbuka ukatili wa binadamu kabla hajafikiria mti hata mmoja.

Msitu haukustahili sifa hiyo. Pande uko kaskazini-magharibi mwa jiji, umbali wa kilomita 25 hivi kutoka Posta, katika eneo ambalo zamani lote lilikuwa Kinondoni kabla Ubungo haijamegwa. Mwaka 1990 ulipandishwa kutoka hifadhi ya msitu na kuwa pori la akiba, na sasa uko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Ni mdogo mno. Eneo lote halifiki kilomita za mraba 20. Lakini humo ndani anaishi mnyama ambaye kwa miaka kadhaa, kuanzia orodha ya 2006–2008, wataalamu wa dunia walimweka miongoni mwa wanyama 25 wa jamii ya nyani, kima na komba walio hatarini zaidi kutoweka. Mwenye nyumba Bunju au Mbezi Luis ni jirani yake, na pengine hajawahi kuambiwa.

Mnyama huyo ni komba wa Rondo. Komba kwa jumla tunawajua: ndio wale wanaolia usiku minazini, na wagema wanawajua zaidi kwa sababu komba mkubwa akinusa tembo habanduki. Huyu wa Rondo ni mdogo kuliko komba wote duniani. Uzito wake ni gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Mchana analala kiotani, usiku anatoka kutafuta wadudu na matunda, akirukaruka kutoka shina hadi shina katika miti midogo ya chini, si juu kabisa kwenye vilele. Tabia hiyo ya kukaa chini ndiyo inayomponza, kwa sababu vijiti na miti myembamba ya chini ndiyo inayokatwa kwanza na kila anayeingia msituni na panga.

Jinsi alivyogunduliwa ni habari ya kupendeza. Komba wadogo wanafanana sana. Ukiwamulika kwa tochi utaona macho mawili yanayong'aa, na hata ukimshika mmoja mkononi si rahisi kusema ni wa aina gani. Kwa muda mrefu wanasayansi waliwaweka wengi wao kwenye kapu moja. Kisha watafiti, akiwamo Simon Bearder na mwenzake Paul Honess, wakaanza kurekodi sauti zao. Wanyama wanaoishi gizani hutambuana kwa mlio: dume anayemwita jike kwa mlio usio wa aina yao hapati jibu. Kwa hiyo kila aina ina wito wake, nao haubadiliki kutoka msitu hadi msitu. Komba wa Rondo hutoa vipande viwili viwili vya sauti, tena na tena. Katikati ya miaka ya 1990 alitambuliwa rasmi kuwa aina ya peke yake, akapewa jina la nyanda za Rondo mkoani Lindi.

Baada ya hapo wakamtafuta kwingine. Walimpata Litipo, Chitoa na Ruawa, wakampata Ziwani kule Mtwara, Zaraninge ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, Pugu na Kazimzumbwi, na hapa Pande. Ukijumlisha misitu yote hiyo aliyojulikana kuishi, ilikuwa kama kilomita za mraba 100 tu duniani kote. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake una zaidi ya kilomita za mraba 1,300. Sehemu ya Pande inayomfaa ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 2.4.

Kwa nini kiumbe adimu namna hii aishi pembezoni mwa jiji letu, asiishi katika misitu mikubwa ya Kongo? Jibu liko katika historia ndefu ya bara hili. Mamilioni ya miaka iliyopita msitu wa mvua ulitanda kutoka magharibi ya Afrika hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Kisha ardhi ya mashariki ikainuka, Bonde la Ufa likafunguka, hali ya hewa ikakauka, na katikati kukabaki nyika na mbuga. Msitu wa pwani ukatengana na ule wa Kongo. Lakini haukufa wote, maana bahari iliendelea kuleta unyevu na mvua, hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa kame. Mimea na wanyama waliobaki katika vipande hivyo wakaishi mbali na ndugu zao kwa muda mrefu kiasi cha kuwa aina mpya kabisa.

Ndiyo maana misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, ina aina zaidi ya 4,000 za mimea, na karibu 1,750 kati ya hizo hazipatikani popote pengine. Tena haziko zote mahali pamoja. Msitu mmoja una mti ambao jirani yake, kilomita 40 tu kutoka hapo, hana. Vilima vya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha kabla hajaacha ualimu kwa ajili ya TANU, vimeipa sayansi mimea iliyobeba jina la Pugu: Millettia puguensis na Baphia puguensis. Hili ndilo ambalo watu wengi hawalioni. Tumezoea kufikiri kwamba kama Serengeti ipo na Selous ipo, kijisitu cha ekari chache nyuma ya nyumba za watu hakina uzito. Kwa misitu ya pwani hesabu hiyo ni potofu. Ukikifyeka kijisitu hiki, umeondoa duniani kitu ambacho hakuna hifadhi nyingine, hata iwe kubwa kiasi gani, inayoweza kukirudisha.

Na jiji linafyeka. Mwaka 2010 timu ya watafiti wakiongozwa na Antje Ahrends ilichapisha utafiti ambao Dar es Salaam ilikuwa mfano wake mkuu. Walipima misitu kuanzia kilomita 10 hadi kilomita 220 kutoka jijini, wakalinganisha hali ya mwaka 1991 na ya 2005. Walichokiona ni duara zinazotanuka kutoka mjini. Wa kwanza kutangulia ni wakata mbao za thamani, kama mvule, mninga na mkongo: duara lao lilisogea kilomita 9 kila mwaka, kwa sababu mbao nzuri zinalipa hata zikitoka mbali. Nyuma yao wanafuata wachoma mkaa, ambao walisogea kilomita 2 kila mwaka. Mwaka 1991 mkaa ulitawala ndani ya kilomita 20 za jiji; mwaka 2005 ulikuwa umefika kilomita 50. Na kadiri walivyozidi kulisogelea jiji, ndivyo walivyokuta aina chache za miti na kaboni kidogo zaidi iliyohifadhiwa ndani yake.

Ukiuelewa mfumo huu, utaona kwamba mharibifu wa msitu si yule kijana mwenye baiskeli na magunia matatu pekee. Nguvu inayosukuma duara hizo ni jiko langu na lako. Benki ya Dunia iliripoti mwaka 2009 kwamba kati ya 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazotegemea mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Kwa tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa hula kilo kati ya 5 na 10 za mti mkavu. Jiji lilikuwa na watu milioni 4.36 kwenye sensa ya 2012, likafika milioni 5.38 mwaka 2022. Mama anayenunua mkaa wa kopo jioni kwa sababu gesi imeisha na mshahara haujatoka hana kosa. Lakini kopo lake, likizidishwa mara mamilioni, ndilo linalofika hadi Pande.

Pande na Pugu zimefungamana pia kwa njia ambayo wakazi wa Jangwani na Kigogo waliilipia kwa maisha. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Msitu wa juu ukiwa mzima, majani huvunja nguvu ya matone ya mvua, takataka za majani hunyonya maji, na mizizi hushika udongo. Msitu ukiondoka, maji hayangoji; yanateremka kwa pamoja na kubeba mchanga unaojaza mkondo wa chini. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana Dar tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa. Mvua yenyewe ilikuwa ya ajabu, na nyumba zilikuwa zimejengwa bondeni pasipostahili, hivyo si haki kuitupia lawama yote kwenye ukataji wa miti. Hata hivyo vilima vilivyovuliwa nguo viliongeza sehemu yao.

Waliookolewa walipelekwa wapi? Mabwepande. Serikali iliwapa viwanja kule, na mwanzoni waliishi kwenye mahema. Watu waliokimbizwa na mto unaotoka msitu mmoja uliokatwa wakawekwa kando ya msitu mwingine, mara nyingi bila umeme, bila gesi, na bila kipato walichokiacha mjini. Mtu wa namna hiyo akiingia porini kutafuta kuni, sisi tuliompeleka pale tunawezaje kumshangaa? Mipango ya jiji ilipaswa kuona hilo mapema, na bado inapaswa, kwa sababu watu wanaendelea kuhamia upande huo wa jiji.

Tatizo la kipande cha msitu kilichozungukwa na nyumba haliishii kwenye panga. Jua na upepo huingia kutoka kingoni na kukausha ndani. Mioto ya mashamba huvuka mpaka. Komba wa gramu 60 havuki uwanja wa wazi wala barabara ya lami kwenda Zaraninge kutafuta mchumba. Wanaobaki wanazaana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka mmoja wa ukame au moto unaweza kuwamaliza. Wanaikolojia husema msitu uliokatwa unabaki na deni: aina fulani zinaendelea kuonekana kwa miaka mingi baada ya uharibifu, huku idadi yao ikipungua kila kizazi. Kuwasikia komba usiku wa leo hakumaanishi kwamba wako salama.

Ufukweni pia Kinondoni ina misitu yake, ingawa wengi hawaihesabu kuwa misitu: mikoko ya Kunduchi, Ununio na Mbweni. Watu wa pwani waliupa kila mti jina lake, mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, msinzi, mkomafi, kwa sababu kila mmoja una kazi yake ya boriti, dau au dawa. Kisheria mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya msitu. Hata hivyo sehemu ya mikoko ya Kunduchi na Mbweni iligeuzwa mashamba ya chumvi, na uchimbaji wa mchanga katika mito umechangia bahari kumega ufukwe wa Kunduchi.

Kuna yaliyofanyika, na yanastahili kutajwa. Pugu na Kazimzumbwi zimeunganishwa na kupandishwa mwaka 2020 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, hadhi inayokataza kabisa uvunaji. Pande inatangazwa kwa ajili ya utalii wa karibu, jambo linalofaa, kwa kuwa msitu wenye wageni wa mchana hauwi tena mahali pa kutupia watu usiku. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kwa maoni yangu huo ndio mpango wa kuhifadhi msitu wenye uzito kuliko doria zote, ilimradi bei ya mtungi mdogo iweze kubebwa na mtu wa Mabwepande na si wa Mikocheni peke yake.

Jambo lingine la kutia moyo liko kwenye miti yenyewe. Miti mingi ya misitu ya pwani huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Mahali palipokatwa bila kuchomwa, na pasipong'olewa mizizi, msitu unaweza kurudi wenyewe bila mtu kupanda mche hata mmoja. Unachohitaji ni kukingwa na moto na kuachwa. Pale palipojengwa tanuri la mkaa udongo huungua, na kurudi huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kabla ya kampeni nyingine ya kupanda miti ya kigeni mbele ya kamera, fedha hizo zingefanya kazi kubwa zaidi zikilipa vijana wa Mabwepande kusafisha njia za kuzuia moto na kulinda mpaka.

Manispaa za Kinondoni na Ubungo zisipime kiwanja hata kimoja kingine kwenye ukingo wa Pande, na ziache ukanda wa miti kati ya nyumba na msitu. Walimu wa sekondari za Bunju, Mabwepande na Mbezi, wapelekeni wanafunzi wenu pale kwa utaratibu wa TAWA. Na wewe unayesoma, ukinunua gunia la mkaa, muulize muuzaji kibali chake cha TFS. Asipokuwa nacho, usinunue.